Madini Matatu ya Sonara

Miongoni mwa vitu alivyotuachia bibi yangu katika kasha lake ilikuwamo kekee moja pana ya fedha, ambayo kwa kuipenda mno alikuwa ameizungushia kipande cha joho la sufu, akakifunga kwa uzi na kukilaza chini kabisa ya kanga zake. Nasi tulipokifungua, miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa, tuliikuta kekee imekuwa nyeusi tititi kama kitako cha chungu. Shangazi mmoja alikata shauri pale pale kwamba marehemu alipunjwa, na kwamba kile alichokionea fahari maisha yake yote kilikuwa risasi iliyopakwa fedha. Mimi sikuridhika na hukumu hiyo. Nikaitia kekee mfukoni, nikaenda nayo kwa sonara mmoja mzee wa mjini Unguja, mtu ambaye baba yake na babu yake walikuwa wafua fedha kabla yake.

Mzee hakuipasha moto wala hakuisugua kwa mchanga. Aliteleka sufuria kuukuu ya alumini, akamimina maji, akatia kijiko cha magadi na konzi ya chumvi, na maji yalipoanza kutokota akaitumbukiza kekee mpaka ikagusa kitako cha sufuria. Haukupita muda wa kunywa kikombe cha kahawa, harufu ya yai viza ikajaa kibandani. "Nusa, mwanangu," akaniambia, "huyo ndiye mwizi anatoka." Alipoiopoa kwa koleo ilikuwa nyeupe, isipokuwa mistari michache ya weusi iliyosalia ndani ya nakshi, ambayo aliiacha kwa makusudi, kwa kuwa, alisema, nakshi isiyo na kivuli haisomeki.

Mwizi aliyemtaja ni salfa, ambayo wazee wa pwani waliiita kibiriti upele. Fedha haina shughuli na oksijeni ya hewa tunayovuta. Iache juu ya meza mwaka mzima katika hewa safi, nayo itakutazama kwa uso ule ule. Lakini salfa imo ndani ya yai, imo ndani ya nywele, imo katika moshi wa makaa ya mawe na katika manyoya ya kondoo yanayofumwa sufu. Na popote inapoifikia fedha, hata kwa uchache usiohisika puani, huungana nayo ikafanya utando mweusi. Joho ambalo bibi alilichagua kwa mapenzi ndilo lililoila kekee yake. Katika sufuria ya mzee mambo yaligeuka, kwa sababu alumini huachia elektroni zake kwa wepesi mkubwa, na magadi yalikuwa yameivua ule utando unaoikinga kwa kawaida. Basi elektroni zikapita kutoka alumini kwenda katika fedha, fedha ikarejea katika hali yake, na salfa ikabanduka, nyingine ikabaki majini, nyingine ikapaa kwa ile harufu. Hapana fedha iliyopotea. Atakayeisugua kekee kama hiyo kwa mchanga huondoa weusi pamoja na fedha iliyomo ndani ya weusi, na akisugua kila mwaka, wajukuu watarithi bati jembamba lisilo na nakshi.

Kibandani mwa sonara huyo, kama kwa masonara wote wa dunia, madini matatu hukaa meza moja: shaba, fedha na dhahabu. Wanakemia nao, bila ya kumwuliza sonara, wameyaweka katika safu moja ya jedwali la elementi, safu ya 11, katika eneo la katikati waliloliita la metali za mpito, na humo shaba ni ya 29, fedha ni ya 47 na dhahabu ni ya 79. Kila moja ina elektroni moja tu katika tabaka lake la nje, na hapo mtu aliyesoma kemia kidogo atashtuka, maana potasiamu nayo ina elektroni moja tu ya nje, na potasiamu ukiitupa majini huwaka moto wa zambarau hapo hapo, ilhali bomba la shaba huchukua maji miaka 50 bila ya kunung'unika. Tofauti iko chini ya tabaka hilo la nje. Kutoka potasiamu mpaka shaba kuna hatua 10, na katika hatua hizo kiini cha atomu huongezewa protoni 10 za kuvuta, na tabaka la ndani huongezewa elektroni 10 za kukinga. Lakini elektroni hizo ni walinzi dhaifu, ngao yao ina matundu, na mvuto wa kiini hupenya ukaishika ile elektroni ya nje kwa nguvu iliyo karibu mara mbili ya ile ya potasiamu. Basi madini haya matatu ni mabahili wa elektroni, na ubahili huo ndio ulioyapa heshima katika masanduku ya wafalme.

Ubahili wao hata hivyo haulingani. Chuma hutoa elektroni kwa urahisi kuliko shaba, shaba kuliko fedha, na fedha kuliko dhahabu, na jambo hili mtoto wa shule aweza kuliona kwa macho yake. Msumari safi wa chuma ukitiwa katika maji ya mrututu hufunikwa na ngozi nyekundu ya shaba kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao, kwa sababu chuma kimeingia majini na kuitoa shaba iliyokuwamo. Uzi wa shaba ukiningʼinizwa katika maji yaliyoyeyushiwa naitreti ya fedha huota manyoya meupe yenye kumeta, marefu na membamba, huku maji yaliyokuwa hayana rangi yakianza kuwa buluu. Manyoya ni fedha, na buluu ni shaba iliyochukua mahali pake. Sijaona tamasha la kemia lenye uzuri zaidi ya hilo kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa yote matatu ni bahili kuliko hidrojeni, tindikali ya chumvi, ambayo huitafuna zinki na chuma kwa mapovu mengi, haiyawezi: utatia kipande cha shaba ndani yake na kukitoa kama ulivyokitia.

Shaba ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yetu, na ndiyo yenye rangi nyingi. Nyumbani kwetu sinia zilisuguliwa kila mkesha wa Idi kwa ukwaju na majivu, kazi iliyokuwa ya watoto, nasi tuliifanya tukidhani kwamba ni nguvu za mikono yetu zinazong'arisha. Kumbe ukali wa ukwaju, kama ukali wa ndimu, huyeyusha ule utando wa shaba na oksijeni uliotia sinia giza, na shaba iliyo chini yake haiguswi kwa muda huo mfupi. Lakini ukali huo huo ukilala na shaba usiku kucha, hewa ikiusaidia, huanza kuila shaba yenyewe, na chakula kikapata ladha ya madini na kumtapisha mlaji. Kwa hiyo masufuria makubwa ya shaba ya kupikia biriani hutiwa bati ndani, na mpishi mwenye akili akiona wekundu unachungulia chini ya bati huyarudisha kwa fundi kabla ya harusi nyingine.

Ukiipasha shaba moto hewani huwa nyeusi. Ukiiacha katika ardhi yenye unyevu huvaa kijani, maana huchukua oksijeni, maji na hewa ya kaboni pamoja, na kijani hicho, tofauti na kutu ya chuma ambayo humomonyoka na kukaribisha kutu nyingine, aghalabu hushikamana na shaba na kuikinga. Kwa sababu hiyo sarafu za shaba zilizofuliwa na masultani wa Kilwa zingali zikiokotwa na majina yao yakasomeka, na si Kilwa peke yake: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni chombo gani kilichozifikisha huko.

Jiwe la kijani linalopatikana Katanga, ambalo watu hulichonga vinyago na shanga, limeumbwa kwa vitu hivyo hivyo vya shaba, maji na kaboni, na wenyeji wa huko waliufahamu uhusiano wake na shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Walilichimba, wakalipanga katika tanuri za udongo pamoja na makaa ya miti, wakavuvia kwa mivukuto. Moto ukafukuza maji na hewa ya kaboni, makaa yakainyang'anya shaba oksijeni yake, na shaba ikatiririka chini nyekundu, wakaisubu kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha ya kununulia na ya kuolea katika sehemu kubwa ya nchi hizo. Jina la Kiswahili la madini hayo ndilo lililokuja kuwa jina la jimbo zima, kwani kuanzia mwaka 1971 mpaka 1997 Katanga iliitwa Shaba.

Nimeutaja mrututu, nao unastahili zaidi ya kutajwa. Ni shaba iliyoungana na salfa na oksijeni, ikafunga ndani ya kila punje yake maji, molekuli tano kwa kila atomu ya shaba, na maji hayo ndiyo yanayoipa buluu yake: ukikaanga mrututu katika kikaango kisichotumika kwa chakula, buluu hutoka pamoja na mvuke na ukabaki unga mweupe kama chokaa, na tone moja la maji likiuangukia unga huo, buluu hurejea hapo hapo kama iliyoitwa kwa jina. Huko Bordeaux nchini Ufaransa wakulima wa mizabibu ya kando ya njia walikuwa na desturi ya kuinyunyizia mrututu na chokaa ili wapita njia waione zabibu kuwa chafu na chungu wasiibe; bwana mmoja mwenye elimu ya mimea, Millardet, akatambua kwamba mizabibu hiyo ya kando ya njia haishikwi na ukungu uliokuwa ukiangamiza mashamba ya ndani, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa ulimwengu. Dawa ya kumtisha mwizi ikawa dawa ya kuponya mti. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anayepulizia shaba kwa kuogopa kutu ya majani na chulebuni ni mrithi wa desturi hiyo, kwa kuwa kiasi cha shaba ambacho jani huweza kukivumilia ni sumu kwa mbegu za ukungu.

Hospitalini nako shaba iliwahi kuwa shahidi. Kabla ya vipimo vya siku hizi, mganga alichukua mkojo wa mgonjwa, akauchanganya na maji ya buluu yenye shaba, akauchemsha; mkojo usio na sukari uliyaacha maji katika buluu yake, na wenye sukari uliyapitisha katika kijani na manjano mpaka wekundu wa tofali, kwa sababu sukari ya damuni huipa shaba elektroni moja na kuigeuza hali. Kwamba shaba huweza kuishi katika hali mbili, moja yenye upungufu wa elektroni moja na nyingine wa elektroni mbili, na kuhama kutoka hii kwenda ile pasina shida, ndiyo siri ya kazi zake nyingi. Mvuvi anayempiga pweza mwambani asitafute damu nyekundu: damu ya pweza huchukua hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, na ikikutana na oksijeni huwa buluu. Kaa na kamba nao ni wa kabila hilo la damu ya shaba.

Fedha, nje ya ugomvi wake na salfa, ina udhaifu mmoja ulioufaa ulimwengu sana, nao ni kwamba chumvi zake hazistahimili nuru. Chumvi ya fedha na klorini, au ya fedha na bromini, ikipigwa na mwanga huvunjika, na chembe za fedha tupu zinazobaki huwa nyeusi. Juu ya jambo hilo dogo vilijengwa vyumba vya giza vya wapiga picha wote kwa zaidi ya miaka 100, na kila sura ya marehemu iliyo ukutani kwetu, ikiwa ni ya zamani, imeandikwa kwa fedha. Kuhusu kekee, mzee alinihakikishia kwamba ilisubiwa kutokana na riale za Maria Theresa, ambazo masonara wa pwani na wa Omani walikuwa wakiziyeyusha kwa wingi, sarafu ambayo hata ikipigwa chapa karne mbili baadaye huandikwa mwaka 1780, na ambayo katika kila sehemu 1000 ina fedha 833, zilizobaki zikiwa karibu zote shaba ya kuitia ugumu. Shangazi hakupendezwa na habari hiyo. Alikuwa amekwisha kuwaambia majirani.

Imebaki dhahabu. Rangi yake peke yake ni muujiza wa hesabu: kiini chake ni kizito kiasi kwamba elektroni zilizo karibu nacho hukimbia kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru, na mwendo huo, kwa kanuni alizozifunua Einstein, hubadilisha mpangilio wa matabaka ya nje hata dhahabu ikawa yameza nuru ya buluu na kurudisha ya manjano. Bila ya hayo ingekuwa nyeupe kama fedha, na sijui washairi wangelifananisha nini na jua. Hewa haiigusi, salfa haiigusi, tindikali kali ya naitriki, ambayo huifanya shaba itoe moshi wa hudhurungi na kuiyeyusha fedha kimya kimya, haiigusi. Sonara hutumia kiburi hicho kumfichua mwongo: husugua pete juu ya kijiwe cheusi laini mpaka ikaacha mstari wa manjano, akadondosha tindikali, akatazama, mstari wa shaba hutoweka, wa dhahabu hafifu hufifia, na wa karati 22, ambao ndani ya pete huandikwa 916 kwa maana ya sehemu 916 za dhahabu katika 1000, hubaki pale pale.

Mwizi mmoja haiwezi dhahabu. Yahitaji wawili wenye kugawana kazi. Changanya sehemu moja ya tindikali ya naitriki na sehemu tatu za tindikali ya chumvi, upate kile kinachoitwa maji ya kifalme: ya kwanza hufungua mlango kidogo tu, ikang'oa elektroni chache za dhahabu, na mlango ungejifunga tena, lakini klorini iliyomo katika ya pili huchukua mzigo hapo hapo na kwenda nao, hata mlango ukabaki wazi. Mwezi wa Aprili 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen, katika taasisi ya Niels Bohr zilikuwamo nishani mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel, za wanafizikia Max von Laue na James Franck, zilizopelekwa huko kwa amana. Na kwa kuwa serikali ya Hitler ilikuwa imeharimisha kutoa dhahabu nje ya nchi, na majina ya wenyewe yamechorwa juu yake, kuonekana kwazo kungemtia von Laue hatarini, naye bado yuko Ujerumani. Mwanakemia George de Hevesy alishauri zizikwe, Bohr akakataa. Ndipo de Hevesy alipoziyeyusha katika maji ya kifalme, kazi ya taabu maana dhahabu hairidhii upesi, akaiweka chupa rafuni kati ya chupa nyingine. Askari walipekua jengo, wakaipita. Vita vilipokwisha dhahabu ilitolewa tena katika maji, ikapelekwa Sweden, na nishani zikafuliwa upya.

Machimbo makubwa hutumia hila hiyo hiyo kwa wezi wengine. Tangu MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipoigundua njia hiyo Glasgow mwaka 1887, mwamba uliosagwa huoshwa kwa maji yenye sayanaidi kidogo huku hewa ikipulizwa ndani yake: oksijeni hufungua mlango, sayanaidi hubeba, na mwamba wenye gramu chache tu za dhahabu katika tani nzima huleta faida. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya ana njia nyepesi na mbaya zaidi kwa mwili wake. Hutiririsha mchanga uliotoka kwenye karasha juu ya mbao zilizotandikwa magunia, hufikicha zebaki ndani ya mashapo kwa mikono mitupu, na zebaki huikumbatia dhahabu bila ya kuibadili. Hukamua donge katika kitambaa, kisha huliweka juu ya makaa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, nao huingia mapafuni na kwenda kukaa katika mishipa ya fahamu, ya mchomaji na ya mama anayepika hatua chache kando. Chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba la kuurudisha mvuke katika maji si kitu cha ghali, tena humrudishia mwenyewe zebaki aliyoinunua, na siafikiani na wanaosema kwamba mchimbaji hukikataa kwa ujinga. Wengi hawakukiona kamwe.

Nilipokuwa nikiagana na mzee nilimwona akikung'uta brashi yake juu ya kopo la bati lililojaa vumbi, nyuzi na vipande vya karatasi. Akanieleza kwamba hatupi taka za kibanda hicho: kila baada ya miaka kadhaa huchoma vumbi, matambara, hata mkeka wenyewe anaoukalia, vyote vikawa majivu isipokuwa kile kisichojua kuungua, na majivu ya mkeka wa mwisho yalimpa dhahabu ya kutosha kipini cha pua cha mjukuu wake. Nikaifunga kekee katika kitambaa cha pamba, nikanyanyuka. "Taratibu, mwanangu," akasema, akionyesha miguu yangu, "kung'uta viatu kwanza."